Wazee wa Kolo Bado Wana Kazi

Tukisema "kuheshimu wazee" hapa chuoni, mara nyingi tunamaanisha shikamoo, na labda kumtumia bibi kidogo bumu likiingia. Si vibaya. Lakini mtu anaweza kuamkiwa mara hamsini kwa siku na bado akajiona hana kazi tena duniani. Nadhani hilo linazeesha kuliko magoti.

Kolo, kule Kondoa, mambo ni tofauti kidogo. Wengi tunapajua kwa michoro ya miambani: Mary Leakey aliinakili mwaka 1951, na UNESCO ikaiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Ila Mungomi wa Kolo si makumbusho. Watu bado wanapanda pale kutambika, kuomba mvua na uponyaji, na haongozi yeyote tu mwenye simu kali. Wanaojua utaratibu ni wazee. Na Kondoa mvua si jambo la mapambo: ardhi ilimomonyoka mpaka serikali ikaanzisha mradi wa HADO mwaka 1973, kisha mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika zaidi. Mzee anayeitwa kuomba mvua katika nchi ya namna hiyo haulizi kama bado anahitajika.

Sasa hapo pana mvutano. Tambiko lina pombe ya kienyeji na nafaka, na nyingine hurushwa mwambani penye michoro. Wahifadhi wanaogopa itafutika, na sababu wanayo. Lakini Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 iliwaza zaidi vitu, yaani mabaki na majengo, kuliko desturi za walio hai. Ukimfukuza mzee ili ubaki na mwamba, unabaki na picha isiyo na msemaji. Mimi naona pombe imwagwe pembeni, ila wazee wenyewe ndio wakubaliane hivyo, wakiwa wamekaa kikao kimoja na wahifadhi.

Pensheni nayo ni muhimu, tusidanganyane. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mwenye miaka 70 na kuendelea. Bara tuna Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003, inayowatambua wazee kama rasilimali. Neno zuri, ila rasilimali hutumika.

Sisi wa ualimu tuna nafasi hapo. Historia ya kidato cha kwanza inafundisha masimulizi ya mdomo kama chanzo cha historia, nasi huwa tunayaandika ubaoni tu. Ukipangiwa fild Kondoa, mwombe mkuu wa shule umkaribishe mzee mmoja darasani. Mwekee kiti, na usisahau nauli yake ya bodaboda.