Haiku: Kweli au Si Kweli?

Shuleni haiku hufundishwa kwa haraka mno: mistari mitatu, mizani tano, saba, tano, basi. Mwanafunzi anahesabu kwa vidole, anapata 17, anaamini kazi imekwisha. Naona ni hasara kubwa, kwa sababu kuhesabu ndiyo sehemu rahisi.

“Haiku ni mizani 17 katika mistari mitatu.”
Nusu kweli. Kwa desturi Wajapani huiandika kwa mstari mmoja wa wima. Hesabu yao pia si ya silabi kama za Kiingereza: Tokyo kwao ni nne, to-o-kyo-o, na “n” ya mwisho wa neno huhesabiwa peke yake. Mshairi wa Kiswahili hapati taabu hapo. Kwetu “kaa” ni mizani mbili, na “m” ya “mtu” ina mizani yake. Lakini hata Japani wapo walioiacha hesabu hiyo, kama Taneda Santōka (1882–1940), na mashairi yao yanasomwa mpaka leo.

“Bila theluji na maua ya mcheri si haiku.”
Si kweli. Haiku ya jadi hubeba kigo, yaani neno la majira, na Wajapani wanayo makamusi mazima ya maneno hayo, saijiki. Mtu wa Tanga ana masika na vuli, kusi na kaskazi, msimu wa maembe. Aandike hayo anayoyajua. Akiyaacha majira akashika vituko vya binadamu, atakuwa ameingia kwenye senryu, utanzu uliopewa jina la Karai Senryū (1718–1790).

“Mstari wa mwisho hutoa funzo.”
Si kweli, na hili ndilo gumu kwetu. Tumelelewa na kituo: ubeti unafunga, ujumbe unatua, msikilizaji anaitikia. Pia tumezoea vina, ambavyo haiku haivihitaji. Tazama jaribio la mwanafunzi:

Vuli ya kwanza;
uani sufuria
yaleta raha.

Mizani zimetimia, shairi halijafika. “Raha” ni hukumu ya mwandishi, na msomaji hakuachiwa kazi yoyote. Abadilishe mstari mmoja tu:

Vuli ya kwanza;
uani sufuria
yalia ndo, ndo.

Sasa tunasikia matone, na raha, au labda wasiwasi wa paa linalovuja, tutaitafuta wenyewe. Angalia pia ule mkato baada ya “kwanza”. Wajapani wana vijineno vya kukatia, kireji, kama “ya” na “kana”; sisi tutumie alama ya uandishi au pumzi. Pande mbili zinawekwa karibu, wala hazielezwi zinahusianaje. Mimi ningemfundisha anayeanza mkato huu kabla ya kumfundisha hesabu.

“Kwa kuwa ni fupi, huandikwa papo hapo.”
Si kweli hata kidogo. Matsuo Bashō (1644–1694) alifika hekalu la Yamadera mwaka 1689 akasikia nyenje wakilia kwenye miamba. Shairi alilolitunga hapo limebaki katika rasimu zaidi ya moja, na maneno yalibadilika kutoka moja hadi nyingine kabla ya kutulia katika kitabu chake cha safari, Oku no Hosomichi. Kitabu chenyewe alikifanyia kazi kwa miaka, kikachapishwa 1702, yeye akiwa ameshafariki.