Firigisi Huenda kwa Nani?

Kwa muda mrefu wanasosholojia waliitazama familia wakiwa wamesimama mlangoni. Waliona baba akitoka kwenda kazini na mama akibaki na watoto, wakaandika kwamba mambo yanakwenda. Mmarekani Talcott Parsons ndiye aliyeipa picha hiyo hadhi ya nadharia. Katika kitabu alichokitoa pamoja na Robert Bales mwaka 1955, alieleza kwamba mume hutafuta riziki na kuiunganisha familia na ulimwengu wa nje, ilhali mke hulea na kutuliza nyoyo. Kila mmoja akishika lake, jamii nzima hutulia. Hakuuliza utulivu huo unalipiwa na nani.

Aliyeingia hadi jikoni ni Ann Oakley. Mwingereza huyu aliwahoji wanawake 40 wa London, wote wakiwa na watoto wadogo wa chini ya miaka 5, na mwaka 1974 akachapisha aliyoyakuta. Kwa wastani walifanya kazi za nyumbani saa 77 kwa wiki. Hata yule aliyefanya saa chache kuliko wote, naye akiwa na ajira, alifikisha saa 48. Saba kati ya kila kumi hawakuridhika na kazi hiyo, na alipoyalinganisha malalamiko yao na ya wafanyakazi wa viwandani, Oakley akakuta uchovu wa kurudia jambo lilelile ulikuwa mkubwa zaidi nyumbani. Leo hesabu hii haitushangazi. Wakati ule kufua na kuosha vyombo vilihesabiwa kuwa sehemu ya mapenzi ya mke, na mapenzi hayapimwi kwa saa.

Mfaransa Christine Delphy alichimba zaidi. Aliona kwamba kazi ileile ya kupika au kufuga kuku hulipwa ikifanywa kwa mtu baki, na hailipwi mke anapomfanyia mumewe. Kwa hiyo chanzo cha kutolipwa hakimo katika kazi yenyewe; kimo katika uhusiano wa anayeifanya na anayefanyiwa. Akaangalia pia mlo wa familia za wakulima wa Ufaransa, akaonyesha kwamba waketio meza moja hawali sawa: nyama nzuri ilimfuata mwanamume. Msomaji aliyekulia katika nyumba ambamo firigisi ya kuku ni ya baba, hata kama mama ndiye aliyemfuga, akamchinjisha na kumpika, anajua Delphy alikuwa anasema nini. Tunapozungumzia “kipato cha kaya” kana kwamba kaya ni mtu mmoja, tofauti hizo zote hufichika.

Na jambo hili halikubaki vitabuni. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inairuhusu mahakama, ndoa ikivunjika, kugawa mali iliyopatikana kwa jitihada za pamoja. Majaji wakatofautiana: je, kupika na kulea ni jitihada? Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikata shauri kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali. Ni hukumu kubwa, nami naiheshimu sana, ingawa mlalamikaji mwenyewe hakupata kitu: mahakama ilisema mumewe alikwisha kumpa fedha za mradi naye akazitumia ovyo. Kenya ilikwenda mbele kwa Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013, iliyotaja wazi kwamba kazi za nyumbani na malezi ni mchango. Hata hivyo, Januari 2023 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba nusu kwa nusu haiji yenyewe. Kila upande uthibitishe ulichochangia. Aliyenunua kiwanja ana risiti. Aliyepika miaka ishirini atoe karatasi gani?

Wanazuoni wa Afrika wana ugomvi wao na nadharia hizi, na ni ugomvi wa haki. Mnigeria Oyèrónkẹ́ Oyěwùmí anasema ufeministi wa Magharibi ulianza na nyumba ya mume, mke na watoto wao tu, kisha ukaidhania kuwa familia ya dunia nzima. Kwetu ndani ya boma yumo mama mkwe, yumo wifi, yumo shangazi ambaye neno lake kwa kaka yake lina uzito kuliko la mke. Miongoni mwa Wakurya wa mkoa wa Mara kuna nyumba ntobhu, ambapo mwanamke humwoa mwanamke mwenzake ili nyumba yake ipate watoto. Kwa hiyo hata mwanamke anaweza kumtawala mwanamke.

Mijini hilo linaonekana wazi zaidi. Mwaka 1989 mwanasosholojia Arlie Hochschild aliandika juu ya wake wa Marekani waliotoka kazini na kukuta zamu ya pili ikiwangoja nyumbani. Dar es Salaam na Nairobi, mwenye uwezo huikabidhi zamu hiyo kwa dada wa kazi, mara nyingi msichana aliyeletwa kutoka kijijini. Mume na mke hawajagawana upya chochote. Mzigo umeshushwa kwa mwanamke mdogo na maskini zaidi, na msimamizi wake ni mwanamke mwingine. Dada huyu wa kazi ndiye anayewajua watoto homa zao na chakula wanachokikataa. Siku akiondoka na mfuko wake wa nguo, hakuna kifungu cha mali ya wanandoa kinachomhesabu.