Nyasi za Simba

Jana asubuhi hapa Ajia, umande haujakauka, mbwa wetu Simba alitoka jikoni akawapita ng'ombe, akasimama ukingoni mwa shamba la mihogo. Akainamisha kichwa upande, akaanza kukata nyasi changa kwa meno ya nyuma. Mmoja wenu akapiga kelele, "Bibi, Simba anaumwa!" Mwingine akasema ni dalili ya mvua.

Mvua mliiona? Na Simba alirudi mkia juu, akaramba sufuria ya ugali mpaka ikang'aa.

Hata wakubwa hushikilia kwamba mbwa hula nyasi ili atapike. Huko Marekani, watafiti wa Chuo Kikuu cha California waliwauliza watu zaidi ya 1,500 wanaofuga mbwa wenye tabia hiyo, wakatangaza majibu mwaka 2008. Wachache sana, kama 8 katika kila 100, walisema mbwa wao huonekana mgonjwa kabla ya kula nyasi. Mbwa waliotapika mara kwa mara baada ya kuzila hawakufika hata robo.

Basi anatafuta shibe? Hapana. Ng'ombe ana tumbo la vyumba vinne, na ndani yake vijidudu vinavyomsaidia kuvunja nyasi. Simba hana. Chungulieni mavi yake (shikeni pua kwanza): nyasi zimetoka karibu kama zilivyoingia.

Hapo ndipo penye siri. Twendeni Mahale, Tanzania, kando ya Ziwa Tanganyika. Huko sokwe hukunja majani yenye vinyweleo vinavyokwaruza, wakayameza bila kutafuna. Majani hupita tumboni kama ufagio, yakatoka pamoja na minyoo. Mwaka 1987, sokwe jike aitwaye Chausiku, akiwa mgonjwa, alionekana akifyonza utomvu mchungu wa mjonso, mti ambao Watongwe wa huko wanautumia kama dawa. Aliyemweleza mtafiti Michael Huffman habari za mti huo ni Mohamedi Seifu Kalunde, mwenyeji wa huko. Mimi humpenda Kalunde kuliko wote katika kisa hiki, maana bila yeye mgeni angeona sokwe anatafuna kijiti tu.

Mbwa mwitu nao hula nyasi. Kwa hiyo watafiti wengine wanadhani mababu wa Simba walijisafisha minyoo vivyo hivyo, na tabia ikabaki kwenye damu hata kwa mbwa asiye na mnyoo mmoja. Bado ni dhana, lakini mimi naiona ina mashiko. Simba mwenyewe pengine anapenda tu ladha ya nyasi mbichi.

Akitapika siku nzima au akikataa chakula, hapo niambieni, tumwite daktari wa mifugo. Na mkimwona anaelekea shamba la tumbaku lililopigwa dawa juzi, msingoje kuniuliza. Mpigieni mluzi arudi.