Vuli ya Waingereza si vuli yetu

Aghalabu mwanafunzi amwulizapo mwalimu wake maana ya neno "autumn", jibu huwa la mkato: ni vuli. Mwanafunzi huandika daftarini na kipindi kikaendelea. Ndivyo nilivyofunzwa, na nakiri kwamba ndivyo nilivyowafunza wengine kwa miaka kadha, hadi nilipopata fursa ya kukaa juma zima katika kijiji kimoja cha Uingereza mwishoni mwa Septemba.

Nilikwenda na picha mbili akilini: mvua, kwa kuwa vuli yetu ni mvua za Oktoba hadi Desemba, na majani yapukutikayo, kwa kuwa ndivyo tuelezwavyo vitabuni. Zote mbili zilinihadaa. Miti mingi ilikuwa ingali na majani mabichi, na hakuna aliyekuwa akiingojea mvua ili apande.

Nilichokiona ni watu waliokuwa mbioni kukusanya. Jumatatu wenyeji wangu walichuma matufaha na kuyapanga ghalani. Jumatano kina mama na watoto walichuma beri nyeusi katika vichaka vya miiba, wakitaniana kwamba baada ya sikukuu ya Malaika Mikaeli, tarehe 29 Septemba, hazifai tena kuliwa kwani Ibilisi huzitemea mate. Watoto waliokota mbegu ngumu za kahawia, wakazitoboa na kuzitunga uzini, wakashindana kuzigonganisha hadi moja ipasuke. Jumamosi ukumbi wa kijiji ulijaa mitungi ya jemu, maboga na vitunguu vilivyoshindanishwa kwa ukubwa. Jumapili kanisa lilipambwa kwa mboga na mkate wenye umbo la mganda wa ngano. Ibada hiyo ya mavuno, kwa sura yake ya sasa, huhusishwa na kasisi Robert Hawker, aliyeiandaa mwaka 1843 katika parokia ya Morwenstow, Cornwall.

Hapo ndipo nilipoikumbuka historia ya neno lenyewe. Katika Kiingereza cha kale majira haya yaliitwa "hærfest", neno lililozaa "harvest", yaani mavuno. "Autumn", lenye asili ya Kilatini, liliingia kupitia Kifaransa, nalo lilianza kushika nafasi hiyo kuanzia karne ya 16. Wajerumani wangali wanayaita majira hayo "Herbst", neno la ukoo uo huo.

Basi tazama, msomaji. Wakati wa vuli mkulima wetu anapanda; mwanakijiji wa Uingereza anavuna na kuweka akiba, kwani baridi kali i mlangoni. Mwanafunzi asomaye shairi la Kiingereza akidhani vuli hiyo ni mvua ya kupandia, huuona mwisho kuwa mwanzo. Kisha akikosea mtihanini, twasema hana akili ya fasihi!

Sisemi vuli lifutwe kamusini. Matumizi hayo yamekwisha kuzoeleka. Ninalowasihi walimu wenzangu ni tusilitoe neno hilo likiwa pweke. Tuwaeleze wanafunzi watu wa huko hushughulika na nini wakati huo. Dakika tano zatosha. Jina la msimu halifasiriwi kwa kalenda pekee. Hufasiriwa kwa jembe na kikapu.