Sarufi ya Kiingereza: Wapi Lazima, Wapi Si Lazima

Kijana auzaye madafu ufukweni humwambia mtalii: "Me sell you two, very cold." Mtalii hutabasamu, hulipa na hunywa. Biashara imekwisha na hakuna aliyepunjika. Lakini akitokea mmoja wetu aliyekaa darasani miaka 14, humkebehi kijana yule mbele ya mgeni wake kwamba ameivunja sarufi. Kebehi hiyo ni kasumba. Mkoloni aliifanya lugha yake kuwa kipimo cha utu, na wako miongoni mwetu wanaoitumia mizani hiyo hata baada ya mwenyewe kuondoka.

Hata hivyo, haifai tugeukie upande wa pili tukasema kwamba sarufi ni pambo tu. Sisi tuliopitia chuoni kabla ya skuli twakumbuka jinsi mwalimu alivyotusimamisha kwa kosa la harakati moja, kwa kuwa harakati hiyo yaweza kumgeuza mtenda kuwa mtendwa. Kiingereza nacho kina mahali pa namna hiyo.

Rai yetu ni hii: pale msikilizaji anapoweza kuuliza tena, kosa halina madhara makubwa. Pale asipoweza kuuliza, au asipojua kwamba anapaswa kuuliza, kosa dogo laweza kuangamiza.

Tuchukue neno moja tu. Daktari mgeni amwuliza mgonjwa kwa Kiingereza: "Hukumeza dawa?" Mgonjwa, akifuata desturi ya Kiswahili, hujibu "Yes", yaani ndiyo, sikumeza. Mwingereza husikia kinyume chake: nimemeza. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyeshtuka, na daktari ameandika. Katika maelezo ya polisi hatari ni ile ile.

Tarehe 27 Machi 1977, katika kiwanja cha Los Rodeos, kisiwani Tenerife, ndege mbili aina ya Boeing 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, ziligongana ndani ya ukungu. Watu 583 walikufa. Sababu zilikuwa nyingi, na mojawapo ilikuwa sentensi. Kutoka katika ndege ya Waholanzi ilisikika redioni: "We are now at takeoff." Ndege ilikwishaanza kukimbia, lakini mwongoza ndege alifahamu kwamba imesimama mahali pa kuondokea ikingoja ruhusa. Baada ya msiba huo utaratibu ulibadilishwa, na neno "takeoff" likawekewa mpaka: litamkwe pale tu ruhusa ya kuruka inapotolewa au inapofutwa.

Maandishi nayo hayaulizwi. Katika jimbo la Maine, Marekani, madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst walidai malipo ya saa za ziada. Sheria ilitaja kazi zisizostahili malipo hayo, lakini palikosekana mkato mmoja, isijulikane kama usambazaji ni kazi peke yake au ni sehemu ya ufungashaji. Mwaka 2017 mahakama ya rufani iliwapa haki madereva, na mwaka 2018 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 5.

Basi, kwa ndugu zetu wavuvi, wapagazi na wauza viungo: semeni bila ya haya, kwani kuuliza na kuulizwa si ujinga. Na kwa ndugu zetu watendaji wa Serikali: msimcheke mwananchi kwa Kiingereza chake, bali mkazane na chenu mnapokuwa na mkataba mezani. Usomeni neno kwa neno na mkato kwa mkato kabla ya kalamu kugusa karatasi. Na mnapomwandikia mwananchi jambo la haki yake, mwandikieni kwa Kiswahili anachokijua, ili naye aweze kuuliza.