Fizikia Haishushi Gredi ya Mwanao

Muhula wa tatu ulikuwa haupiti kabla wazazi wa Kariandusi, Gilgil na Elementaita hawajaniletea swali lile lile: "Mwalimu, huyu kijana wa kidato cha pili aache fizikia ili gredi yake ipande?" Nimelijibu mpaka nimechoka, na sasa naliandika ili anayetaka kubisha abishane na hesabu.

Gredi haitapanda. Tangu mtihani wa KCSE wa 2023, gredi ya wastani hutokana na masomo saba: hisabati, lugha moja ambayo mtahiniwa ameifanya vizuri zaidi, na mengine matano yaliyompa alama nyingi. Ukiwa na masomo manane, lile lililokuangusha huachwa nje, mradi si hisabati. Hakuna anayelihesabu.

Chukua mtahiniwa huyu. Hisabati B, alama 9. Kiswahili B+, alama 10. Kiingereza B, 9. Bayolojia B, 9. Kemia B, 9. Jiografia B+, 10. Biashara B+, 10. Fizikia imemlemea, amepata C+, alama 7. Jumlisha hisabati, Kiswahili na yale matano bora: 66 kati ya 84. Hiyo ni B. Sasa mfutie fizikia, ujumlishe upya. Ni 66, na gredi ni B ile ile. Aliyemshauri aache fizikia hajamwongezea hata alama moja.

Lakini amempotezea kitu. Shirika la kuwapanga wanafunzi vyuoni, KUCCPS, halitazami gredi ya wastani peke yake. Kila kozi ina klasta yake, yaani masomo manne yanayotazamwa kwa kozi hiyo, na alama za klasta, ambazo upeo wake ni 48, huchanganya masomo hayo manne na jumla ya yale saba. Klasta ya uhandisi inataka hisabati, fizikia, kemia na somo la nne. Mtahiniwa wetu mwenye C+ ya fizikia anaweza kuomba nafasi na kushindana na wenzake. Akikosa chuo hiki, huenda akapata kingine. Yule aliyeacha fizikia hana cha kuomba. Hata angepata A katika masomo yote mengine, kozi hiyo si yake.

Basi ni gredi ya nani inayopanda? Ni wastani wa somo. Wanafunzi dhaifu wakiondoka, waliobaki huinua wastani wa fizikia shuleni, na siku ya matokeo takwimu hupendeza ukutani. Sina ugomvi na shule inayotaka sifa, ila sifa hiyo isinunuliwe kwa kozi ya mtoto wa mtu. Mzazi akiambiwa "tunamsaidia kijana wako," aulize jambo moja tu: tunamsaidia kuingia kozi gani?

Haya yanauma zaidi ukikumbuka tunapoishi. Machimbo ya diatomaiti yako hapa hapa Kariandusi. Mvuke wa ardhini unachimbwa Menengai na Olkaria, na Olkaria umeme umekuwa ukizalishwa tangu 1981. Kazi hizo zinahitaji wahandisi na wajiolojia, na watoto wetu hupita karibu nazo kila siku. Sioni kwa nini wajitoe kwenye uhandisi wakiwa na miaka 15, kwa sababu ya hesabu ambayo hakuna aliyekaa kuipiga.

Simaanishi kila mtoto abaki na fizikia. Kijana anayevutiwa na shoka za mawe ambazo Louis Leakey alianza kuzichimbua hapa Kariandusi mwishoni mwa miaka ya 1920, akitaka kusomea akiolojia, atafaidika zaidi na historia na jiografia. Anayetaka sheria aitie nguvu lugha. Hata udaktari unawezekana bila fizikia, ikiwa bayolojia, kemia na hisabati ziko imara. Na ni kweli fizikia hula muda wa masomo mengine. Kuacha somo ni halali, mradi kozi ndiyo iliyoamua.

Mengine nayasema upesi. Kidato cha pili cha 2025 ndicho kilichokuwa cha mwisho cha mfumo wa 8-4-4, na KCSE yao ni 2027. Katika mfumo mpya, waliokuwa Gredi ya 9 mwaka huo waliingia Gredi ya 10 Januari 2026 kwa mikondo mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, sanaa na michezo. Kosa ni lile lile: msimchagulie mtoto mkondo rahisi kabla ya kujua kozi anayoitaka inadai nini. Majina ya cheti cha kuzaliwa yalingane na ya usajili wa mtihani, na yarekebishwe kabla usajili haujafungwa. Alama za mwisho za kuingia kozi mwaka jana ni za aliyeingia mwisho mwaka huo, si ahadi kwa mwanao, kwa hiyo asirundike machaguo yote kwenye kozi zinazogombewa. Shahada inataka angalau C+, lakini mwenye C ana diploma za KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba chenye kampasi Nakuru, na kutoka diploma watu hupanda hadi shahada. Kupangiwa chuo na KUCCPS si kulipiwa karo. Mkopo na ufadhili huombwa kando. Na anayekuomba pesa ili amwingize mtoto kwenye udaktari ni mwizi, kwa sababu nafasi hutolewa kwa alama na machaguo.

Fomu ya kuchagua masomo ikifika nyumbani, usiitie sahihi usiku huo huo. Kaa na mtoto, akutajie kozi tatu anazozitaka, mfungue tovuti ya KUCCPS, msome klasta za zote tatu. Somo linalotajwa humo lisiachwe.