Kori Mbili Zinamtosha Mwanafunzi

Laptopu ya chuo isitunyime nafasi ya kutuma ada nyumbani. Mdogo wangu anasoma hapa Uingereza. Kwa mshahara wangu wa uuguzi nilimnunulia yenye prosesa ya Intel Celeron N4020, nikabakiwa na ada ya muhula ya mpwa wetu aliyeko Tanga.

Prosesa hii ina kori mbili zinazogawana kazi: unaandika insha huku mama yuko kwenye simu ya video. Imeundwa kutumia takriban wati 6 tu, hivyo haipati joto sana na chaji hukaa. Haifai kwa michezo mizito wala kuhariri video.

Kabla ya kulipa, hakikisha RAM ni GB 8 na diski ni SSD. Laptopu nyingi za bei hii, RAM haiongezeki baadaye.